Plagi iliyonifanya nimpite dada bila salamu

Leo nimempita dada yangu huku Masanze bila hata shikamoo, tena kwa makusudi.

Sababu ni plagi ya pikipiki.

Shabani, bodaboda aliyenichukua Kilosa mjini, aliifungua pikipiki ilipoanza kukwamakwama, akaikuta nyeusi kwa masizi. "Mzee, mafuta yanazidi hewa. Kabureta imekwisha hii."

Nikatia shaka. Sijafika huku miaka mingi, kwa hiyo tulisimama kila nyumba kusalimia, injini ikiunguruma taratibu. Plagi gani isingeshika masizi?

Tukaisafisha. Nikamwambia twende mwendo wa kawaida, tuzime injini ghafla, tuitazame papo hapo. Hakuna kusimama njiani.

Ndipo dada akatokea kando ya barabara, akipunga mikono yote miwili.

Tukapita.

Mbele kidogo tukazima, tukaifungua. Kahawia, kama chai ya maziwa. Kabureta nzima kabisa!

Dada akafika akihema. "Miaka yote hiyo, halafu unanipita kama nguzo?"

"Shikamoo, dada."

Plagi ilipopoa, dada akaichukua na kuifunga kwenye pindo la kanga.

"Marahaba. Haondoki mtu hapa mpaka tumalize kusalimiana."

Bado tupo. Mafundi, ninyi mnazisomaje rangi za plagi bila kugombana na ndugu?