Ruhusa ni Moja

Sheria ya gereza lile la kaskazini mwa New York haikuwa na moyo: mfungwa aliyeuguliwa na mzazi mahututi alichagua, akamuage angali hai au akamzike. Ruhusa ni moja. Na aliyetumwa kulipeleka chaguo hilo selini alikuwa Rhonda Trombley, askari magereza aliyekaribia kustaafu, mwanamke wa ulimi mkali asiyempa mfungwa neno la ziada.

Desmond Purvis, mtoto wa pekee wa mama aliyelazwa kule Syracuse, alimsikiliza, kisha akauliza, "Ungekuwa wewe, afande?"

Askari hashauri. Rhonda alilijua hilo vizuri, lakini mdomo ukamtangulia.

"Nenda akiwa anakuona. Maiti haina habari na wewe."

Akampeleka hospitalini mwenyewe, pingu mikononi. Mama alimgombeza mwanawe kwa kukonda, akamgeukia Rhonda na kumgombeza kwa kumkondesha. Njiani kurudi, Desmond alikuwa akicheka peke yake.

Shida ni kwamba mama yule hakufa. Alipona, akarudi kwake, akaishi hadi kiangazi. Alipofariki kweli, Desmond aliomba kwenda kumzika, akajibiwa kwamba ruhusa yake alikwisha kuitumia. Hakugombana na mtu, ila chakula alikirudisha kama kilivyoletwa. Rhonda aliona ni ulimi wake uliomponza mtoto wa watu, na jambo hilo lilimuuma.

Siku yake ya mapumziko alivaa gauni jeusi, akaendesha gari hadi kanisani kule Syracuse, kwenye maziko ya mama yule. Askari kujihusisha na jamaa wa mfungwa ni kufukuzwa kazi. Alikwenda hivyo hivyo.

Aliporudi zamu alisimama mbele ya seli ya Desmond, akamsimulia yote: jeneza, kwaya, hata kuku wa kukaanga na makaroni ya jibini waliyokula watu baada ya maziko.

"Kiti cha mbele, cha wafiwa, alikaa nani?" Desmond akauliza. "Sisi hatuna ndugu."

"Wahudumu wa kanisa waliniuliza nimetoka kwa nani. Nikasema kwa mwanawe. Wakanikalisha mimi."

Desmond akasogea karibu na mlango.

"Ulilia?"

"Nililia."

Ndipo naye, kwa mara ya kwanza tangu apate msiba, akalia, na Rhonda hakuondoka pale mlangoni.