Miaka Mitatu ya Kuhesabu Makovu ya Fukusi

Siku ya kwanza kazini nilifika saa moja kasorobo asubuhi, ilhali barua ya ajira ilisema saa mbili. Nilikuwa nimetembea kutoka mtaa wa Migosi, nilikopanga chumba, na kabla ya kuondoka nilikuwa nimepiga hesabu ya kila kitu kinachoweza kunichelewesha njiani. Hakuna hata kimoja kilichotokea. Nikasimama nje ya lango la kituo cha utafiti nikiwaza kama ni adabu kukalia benchi la mlinzi kabla ya kukaribishwa. Nilikuwa bado nawaza pale mama mmoja mwenye koti jeupe, ndoo mkononi, aliposimama mbele yangu.

"Umekuja kazi ama umekuja kulinda geti?"

"Nimekuja kazi, mama. Mimi ndiye msaidizi mpya wa utafiti."

"Basi shika hii ndoo. Msaidizi wa utafiti hapa anaanza na kuosha."

Huyo ndiye alikuwa Fundi Mkuu wa Maabara, bosi wangu wa kwanza. Kila mtu alimwita Mama Maabara, hata wageni waliokuja na tai shingoni. Namtaja mapema kwa sababu nusu ya ninachokijua nilikipata kwake, na sikupata nafasi nzuri ya kumshukuru.

Wanaoandika habari za kazi zao kwa kawaida wamestaafu. Mimi nimemaliza mkataba mmoja tu, uliofikia miaka mitatu, pamoja na shahada ya uzamili niliyoisoma humo humo kazini. Lakini wadogo zangu wanaomaliza chuo Maseno huniuliza kila mara kazi hii ya mimea na wadudu inafanywaje, nami huwajibu kwa ujumbe mrefu ninaoufuta kabla ya kuutuma. Safari hii sitafuta.

Kazi yenyewe ilihusu gugumaji, ule mmea unaoelea na kuota maua ya zambarau, unaofunika ziwa mpaka mashua zikose pa kutia nanga. Adui yake ni fukusi, mdudu mdogo kama punje ya mchele, mwenye pua ndefu iliyopinda. Fukusi aliyekomaa hukwangua ngozi ya jani na kuacha alama ya duara, iliyofifia, kama kovu la tetekuwanga. Funza wake hutoboa kikonyo, yaani shina laini linaloshika jani, na humo ndimo madhara makubwa hutokea. Ukitaka kujua fukusi wanafanya kazi kiasi gani, unahesabu makovu. Si kila jani linahesabiwa. Unahesabu kwenye jani la pili kutoka katikati, kwa sababu la kwanza bado changa na la tatu limeshaliwa na wengi.

Miezi mitano ya mwanzo nilikuwa maabara, nikifuga fukusi kwenye matangi ya maji nyuma ya kituo. Kila asubuhi nilibadilisha mimea, nikawatoa wadudu waliojificha kwenye vitako vya majani na kuwahesabu. Niliwahesabu mara tatu, nikaandika wastani.

"Nyar Maragoli," Mama Maabara aliniita siku moja. Hivyo ndivyo alivyoniita siku zote, binti wa Maragoli, kwa kuwa ndiko nilikozaliwa, kwenye vilima ambako maji yanaonekana tu yakiwa kwenye mtungi. "Ukiwahesabu mara ya nne watakufa na aibu. Wako mia mbili. Andika mia mbili, tuendelee."

Baada ya hapo Daktari Msimamizi alinihamishia nyanjani. Yeye ndiye aliyeongoza mradi, na pia ndiye aliyesimamia tasnifu yangu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kila alipokaa kimya nilidhani ananifukuza kazi moyoni. Alinipa maeneo sita kwenye gugumaji la upande wa Dunga, ufuo wa wavuvi. Katika matatu ningeachilia fukusi. Matatu mengine yangebaki bila kuguswa, ili tupate cha kulinganisha. Kila wiki mbili ningerudi kuhesabu makovu.

Mwongozo wa kituo ulisema kila eneo lizungushiwe fremu ya mabomba ya plastiki, na fremu ifungwe kamba yenye jiwe lililozamishwa chini. Hapo ndipo nilipoanza kufikiri. Kamba ikinasa nyavu za wavuvi je? Mvuvi akikasirika je? Akiikata kamba na mimi nisijue je? Niliandika kurasa mbili za sababu, kisha nikaamua kuacha fremu na mawe, na kutumia kifaa cha GPS kunirudisha mahali pale pale kila safari. Nilimwambia Daktari kwamba nitatumia GPS. Alitikisa kichwa kukubali. Baadaye nilijua kwamba alielewa nitatumia GPS pamoja na fremu, wala si badala yake.

Mwenye mashua alikuwa Baba Awino, mvuvi wa Dunga aliyekodiwa na mradi kwa siku za kazi. Siku ya kuachilia fukusi nilifunga utepe wa njano kwenye mimea mitano katikati ya kila eneo, kwa kumbukumbu tu. Baba Awino alitazama nikimwaga wadudu kutoka kwenye kopo la plastiki.

"Hawa ndio watamaliza hii majani?"

"Polepole, baba."

"Sawa. Sisi tunavuta na mikono kila Jumamosi, na hatujamaliza."

Safari iliyofuata sikuona utepe. Nikaandika daftarini kwamba majani ya gugumaji hufa na kubadilishwa baada ya wiki chache, kwa hiyo utepe umeanguka nayo. Maelezo hayo yalikuwa mazuri sana. Makovu yalipanda safari moja na kushuka safari nyingine, nami nikapata maelezo mazuri ya hilo pia. Mwezi wa nne tukafika eneo la tatu, lile lenye fukusi wengi kuliko yote. Kifaa kilionyesha tumefika kabisa, na mbele yetu kulikuwa na maji matupu yanayong'aa.

Niliinua mikono nikapiga kelele. Baba Awino naye alicheka kwa kuniona nikishangilia. Niliandika: eneo la tatu, gugumaji limekwisha.

Kwenye kikao cha Jumatatu nilisoma matokeo kwa furaha. Daktari alivua miwani.

"Gugumaji likifa halipotei hivi hivi," alisema. "Linageuka kahawia, linaoza, linazama kidogo kidogo. Uliona mabaki?"

Sikuwa nimeona mabaki. Lakini watu saba walikuwa wakinitazama, na mimi ni mtu ambaye hata akiulizwa kama amekula hutafuta jibu linalotakiwa.

"Ndiyo," nikasema.

Akavaa miwani, akaandika. Wiki hiyo hiyo matokeo yangu yakaingia kwenye taarifa ambayo ingesomwa Ijumaa mbele ya kamati ya wavuvi wa Dunga.

Jumanne tulirudi ziwani. Saa sita mchana upepo uligeuka, na gugumaji likatufungia njia ya kurudi ufuoni. Baba Awino alizunguka mbali, upande wa pili wa ghuba, akitafuta mlango. Ndipo nikaona kitu cha njano kwenye majani. Kilikuwa utepe wangu, fundo langu mwenyewe, kwenye mmea mnene wa kijani uliochanua maua. Makovu yalikuwepo, ndiyo, lakini mmea ulikuwa na afya kuliko mimi.

"Si hiyo ni yako?" Baba Awino aliuliza. "Iko hapa sasa wiki tatu."

"Baba, ulikuwa umeiona? Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Hii majani inatembea, Nyar Maragoli. Upepo ikija asubuhi inaenda kule, jioni inarudi huku. Mtoto wa darasa la kwanza hapa Dunga anajua." Alizima injini, akanitazama vizuri. "Kwani wewe ulikuwa unapima nini pale kila siku?"

Nilikuwa nikipima gugumaji lolote lililopita hapo siku hiyo. Kwenye vilima vyetu, ukiweka alama kwenye kichaka, mwaka ujao utakikuta. Nilikuwa nimehakikisha kila tarakimu ya GPS mara tatu, ila sikujiuliza kama mmea unaoelea hukaa mahali.

"Ni pole," akasema. "Lakini tutafurahi Ijumaa. Mwenyekiti amesikia ripoti yenu, amesema kama wadudu wanamaliza kwa miezi minne, basi tuache kuvuta Jumamosi. Watu wamechoka mgongo."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonitoa kijasho. Kama ningenyamaza, hakuna ambaye angejua. Utepe ungeoza. Ningepata shahada yangu na mkataba ungeendelea. Nao wavuvi wangekunja mikono wakisubiri maji yafunguke, kwa sababu ya neno langu moja, na ufuo ungezibwa mpaka mashua zisitoke.

Jumatano nilienda kwa Mama Maabara kwanza. Alikuwa akiosha chujio.

"Mama, nimeharibu."

"Umeua fukusi?"

"Hapana. Nilimdanganya Daktari kwenye kikao."

Akaweka chujio chini, akafuta mikono kwa koti. Nilimweleza yote. Hakunikemea wala hakunibembeleza. "Yuko ofisini," alisema. "Ingia sasa kabla hajaletewa chai. Chai ikifika wageni wanafika, na wewe utapata sababu ya kurudi kesho."

Nilikuwa nimeandaa maelezo ya dakika kumi. Nilipofungua mlango yakanipotea yote.

"Daktari, sikuona mabaki. Nilisema ndiyo, lakini sikuona. Gugumaji halikufa. Lilihama. Sikuweka mawe."

Alivuta faili lililokuwa mezani. Kisha akafungua taarifa ile, akapiga mstari mmoja juu ya aya yangu kwa kalamu, akatia sahihi pembeni.

"Nilikuuliza swali," alisema, "na nilifurahi uliposema ndiyo, kwa sababu mimi pia nilitaka iwe ndiyo. Miaka hii yote ziwani, nilipaswa kupanda mashua nikaone. Hilo ni langu. Lako utalisema mwenyewe Ijumaa."

"Mbele ya kamati?"

"Wao ndio wangeacha kuvuta. Mimi nisiseme kwa niaba yako."

Ijumaa nilisimama kwenye banda la kupimia samaki, mbele ya wanaume na akina mama wapatao thelathini, na harufu ya dagaa wa omena walioanikwa ikinijia puani. Nilisema nilichofanya kwa Kiswahili chepesi. Halafu mama mmoja muuza samaki akauliza, "Kwa hiyo serikali imekupa mashine ya satelaiti ikuonyeshe mahali majani haiko?" Banda zima likaangua kicheko, na Baba Awino ndiye aliyecheka zaidi. Nilicheka pia, machozi yakinitoka. Kisha mwenyekiti akasema Jumamosi kazi ni kama kawaida, kila mtu aje na panga lake. Nami nilienda. Nilivuta gugumaji mpaka viganja vikachubuka.

Data ya miezi minne tuliitupa yote. Mkataba wangu uliongezwa kwa muda wa kurudia kazi, nikiambiwa wazi kwamba siku zisizo za ziwani nitarudi kwenye ndoo. Sikuona aibu. Safari hii Baba Awino ndiye aliyechagua mawe na urefu wa kamba, na alinionyesha vijia ambavyo nyavu hazipiti, jambo ambalo ningeweza kumuuliza tangu mwanzo badala ya kuandika kurasa mbili. Fremu zilikaa. Mwisho wa mwaka matokeo yalikuwa ya kawaida: penye fukusi wengi mimea ilikuwa mifupi, na majani mapya yalichelewa. Maji matupu hayakuonekana popote. Tasnifu ilipita, ikiwa na sura nzima kuhusu kosa langu, ambayo mtahini mmoja aliisifu kuliko matokeo.

Ninaowashukuru wanajijua. Mama Maabara amestaafu na amerudi kwao Siaya. Daktari aliniandikia barua ya utambulisho ya aya tatu, na ya pili ilieleza habari ya eneo la tatu bila kuificha. Niliisoma nikadhani amenimaliza. Barua hiyo ndiyo iliyonipatia kazi niliyonayo sasa, upande wa Homa Bay, kwa sababu mkuu wa huko alisema anatafuta mtu ambaye akikosea atakuja kumwambia mwenyewe kwanza.

Bado nafikiri kupita kiasi. Bado nafika kazini saa moja kasorobo. Wadogo zangu wanaouliza wanataka kujua vitabu na vifaa, na hivyo nitawatumia orodha. Lakini wiki mbili zilizopita naibu chifu aliitisha baraza ufuoni, na mzee mmoja akasimama akaniuliza, mimi mtaalamu, kama fukusi wangu watakuwa wamefungua maji kabla ya mvua. Watu wengi walinitazama. Nilisikia lile jibu linalotakiwa likipanda kooni, tamu na tayari.

"Sijui bado, mzee," nikasema. "Tumeweka fremu mwezi uliopita. Nikiona kitu nitakuja kukwambia nilichokiona."

Mama aliyekaa mbele, kapu la samaki magotini, alimgeukia jirani yake. "Huyu angalau hajui," alisema. "Wale wengine wote walikuwa wanajua."