Nilijiita Mkwe, Nikaharibu Kunde za Watu

Mwenzangu, mwenye kosa ni mimi, usimtafute mwingine. Niliharibu mbegu za kunde za mama wa watu kwa kuogopa kutamka jina moja tu! Leo naandika huku nacheka, lakini siku ile sikucheka hata kidogo.

Nilikuwa kibarua hapa Korogwe, kwenye shamba la majaribio la Mdachi mmoja tuliyemwita Bwana Maua. Alikusanya kunde za wakulima wa huku na huku, ajue zipi ni aina moja na zipi ni mbalimbali. Kila aina tuliiita kwa jina la aliyeileta. Kulikuwa na kunde za Mgeni, mfanyakazi wa reli, zinazochelewa kukomaa mpaka unachoka kuzisubiri. Na kulikuwa na za mama mmoja wa Kang'ata, zinazoiva mapema kabla chakula cha ghalani hakijaisha. Jina la huyo mama silitaji hata hapa, utanisamehe.

Punje zao zilifanana mno, zote ndogo, zote za kahawia. Tofauti ilikuwa ndani ya ua. Asubuhi, kabla maua hayajajifunga, nilikuwa nakung'uta chavua, ule unga wa ua, juu ya kipande cha kioo, kisha naitazama kwa hadubini. Weee! Kitu unachodhani vumbi, kumbe kila chembe ni mpira uliovishwa wavu! Za Mgeni, wavu una matundu mapana. Za yule mama, matundu yamebana. Niliipenda kazi ile mpaka nikawa naota maua. Na kwa kuwa Bwana alikuwa anaugua macho msimu ule, macho ya kutegemewa yalikuwa yangu.

Sasa sikia ujinga wangu. Yule mama alikuwa na binti. Nilimwona siku walipoleta mbegu, akili ikaniruka! Nikatuma mjumbe na posa. Akarudi akisema amekaribishwa, amepewa maji, na wamecheka sana. Basi, nikasema, nimepata! Kuanzia hapo nikajihesabu mkwe, na kwetu mwanamume halitamki jina la mama mkwe wake.

Siku moja Bwana akataka kunipima. Akachuma maua mwenyewe, bila kuniambia ya tuta lipi.

"Hii gani?"

"Ya Mgeni, Bwana."

"Na hii?"

Nikachungulia. Matundu yamebana. Ni zenyewe! Jina likafika kwenye ulimi, nikalimeza.

"Ya... Mama, Bwana."

"Mama nani?"

Nikakohoa. Nikapiga chafya ya uongo. Bwana akagonga meza. "Mama nani? Sema!"

"Ya Mgeni, Bwana!"

Na yaliyofuata nayo nikasema ya Mgeni, yote! Bwana akafurahi: kumbe ni aina moja, makopo mawili ya nini? Akamimina mbegu zote kwenye debe moja, mbele yangu, nami nimesimama natabasamu kama bwana harusi.

Mvua zilipokaribia, yule mama akaja na binti yake kuchukua mbegu, maana zile za nyumbani fukusi walizimaliza. Kumwona tu, nikajitupa katikati ya matuta, nikalala kifudifudi kwa adabu.

"Huyu kijana kapatwa na nini?" akauliza.

"Shikamoo, Mama," nikauambia udongo.

"Marahaba. Inuka unipe kunde zangu."

Nikamweleza yote nikiwa nimeugeukia mgomba. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mkwe? Mkwe wa nani? Posa tumeipokea, jibu tumetoa lini? Tulicheka kwa sababu mjumbe wako alikalia mayai ya kuku wangu!"

Jamani! Binti alicheka mpaka akaushika ule mgomba. Mama hakucheka.

"Nyumbani tutakula nini, wewe? Nitenganishie kunde zangu. Bila hizo, hata hilo jibu usilisubiri."

Nikamwambia Bwana ukweli. Akanifokea mpaka sauti ikamkauka, halafu akanipa matuta nipande ule mchanganyiko, nizitenganishe zikitoa maua. Mama akaondoka na sehemu ya mchanganyiko ule, apande hivyohivyo, maana mvua haimsubiri mtu. Shamba lake likachelewa karibu nusu, wakaishi kwa mihogo ya kuomba kwa majirani. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Maua yalipotoka, mama akaja kunisimamia. Kila shina nilipima ua lake. Likiwa la Mgeni, nang'oa. Likiwa lake, lazima nilitaje jina kwa sauti Bwana asikie, naye mwenyewe nyuma yangu anaitika, "Abee!" Mwanzoni nilinong'ona. Baadaye nikawa napiga kelele, yeye anaitika, binti hana mbavu, vibarua wa Manundu wameacha majembe, na Bwana naye anaitika "Abee!" Sijapata kuona shamba lenye furaha kama lile!

Kijana mwenzangu, nakuonya. Usijipe ukwe kabla hujajibiwa. Na ukiulizwa ulichokiona, kiseme, hata kama mdomo unakuwa mzito. Watu walikosa chakula kwa ajili ya adabu yangu ya bure!

Mavuno yakaja. Mama akazifunga kunde zake kwenye kanga, akajitwika, akaniangalia.

"Jina langu umelitaja vya kutosha. Kuanzia leo, usilitaje tena."

Binti akainamisha uso. Mimi nikaitikia "Ndiyo, Mama," nikarudi kupalilia, na walikuwa wameshafika barabarani nilipoelewa kuwa nimekubaliwa.