Mbolea ya Mtaalamu

Jina la Mtaalamu alipewa na majirani kwa kejeli, naye akalipokea kama cheo. Alikuwa fundi bomba mstaafu mwenye kishamba cha maharage nyuma ya nyumba. Maharage hayo ndiyo yaliyojaza sufuria mwaka mzima, na mkewe, aliyekuwa akihofia kila kitu kwa niaba ya nyumba nzima, alikihofia kishamba kuliko hata paa bovu.

Siku bwana shamba alipokuja kuwaeleza watu juu ya maji ya mabwawa ya majitaka, alisema, "Maji haya yametibiwa." Mtaalamu hakuhitaji zaidi. Bwana shamba aliendelea, akaonya kwamba maji hayo huacha chumvi ardhini na udongo upimwe kila msimu, lakini wakati huo Mtaalamu alikuwa ameshamgeukia jirani, anamfafanulia maana ya kutibiwa.

Akavuta bomba kutoka mabwawani hadi kishambani. Msimu wa kwanza maharage yalinona, naye akanona kwa maneno. Mkewe alipouliza kama maji yale hayana lolote, alijibiwa kuwa aliyetibiwa kapona, basi.

Kiangazi kikaingia. Udongo ukakakamaa na kupasuka kama kisigino kisichojua mafuta. Maji yakawa yanatuama juu, hayazami. Majani yakaungua kingo, na weupe ukatanda kwenye matuta. Mtaalamu akafurahi. Akawatangazia majirani kuwa mbolea imezidi hadi inapanda juu yenyewe, kisha akaufagia weupe ule kwa ufagio wa sebuleni na kuurudisha mashinani, upepo usije ukawapelekea wengine bure.

Mkewe aligusa weupe kwa ncha ya kidole, akalamba, akatema.

"Baba watoto, mbolea yako hii mimi huitia kwenye mchuzi."

Mtaalamu naye akaonja. Kwa mara ya kwanza mtaa ulimwona kafunga mdomo, japo ni kwa kuwa alikuwa anasukutua.

Maharage yalikauka yote. Mvua ziliporudi wakapanda upya, na mbegu zikachipua mahali pale tu maji ya paa yalipomwagika kwa wingi na kuiosha chumvi udongoni. Mkewe akaliona hilo. Akachimba mifereji kutoka ukutani, tuta hadi tuta.

Mtaalamu yuko hapo hapo uani, anawaeleza majirani jinsi anavyoutibu udongo. Jembe analo mkewe.