Gauni la Wageni

Juzi nilikuwa Kibara na watengeneza filamu wawili, mwanamume na mwanamke, waliokuja kumrekodi mjane aliyenyang'anywa shamba na ndugu wa mumewe. Tulimkuta anaanika dagaa, kanga imechanika. Akatukaribisha viti, akaingia ndani, akatoka amevaa gauni la kitenge na hereni.

Yule mwanamume akajikuna shingo. "Mama, ile kanga ingefaa zaidi. Watu waone hali yako."

Mama akalinyoosha gauni magotini, taratibu. "Wageni wakija tunavaaga vizuri, mwanangu. Hali yangu nitaisema. Shamba walishachukua, na gauni nalo mnataka nivue?"

Mwenzake, yule mwanamke, akawasha kamera.

Sasa najua kwa nini wanyonge wa magazetini wanaonekana vile. Tunawapiga picha kabla hawajavaa.