Kitambaa Chekundu cha Gobore

Watu wa Chemba wakisema baba mdogo alipasukiwa na gobore kwa uzembe, natamani kuwazaba makofi. Uzembe gani? Kitako cha mninga alikichonga mwezi mzima, akakipiga msasa mpaka kikateleza kama shavu la mtoto. Na kila akishamaliza kushindilia baruti na risasi, alifunga kitambaa chekundu kwenye mdomo wa mtutu, ijulikane kuwa tayari lina risasi.

Asubuhi ile, nikiwa likizo, nilifungua kitambaa hicho, nikakichovya kwenye mafuta ya alizeti, nikang'arisha kitako ili nikipige picha. Sikukirudisha.

Nguruwe pori wakavamia mtama. Baba mdogo hakuona kitambaa, akashindilia baruti na risasi mara ya pili juu ya zile za kwanza. Alipofyatua, mtutu ulipasuka, ukamng'oa jicho na vidole vitatu. Damu yake ilinirukia mdomoni, nikaitema.

Aliporudi kutoka hospitali, alipapasa kitako kwa mkono uliobaki mzima.

"Mwanangu, nani alikipaka mafuta? Kimependeza."

"Sijui, baba," nilisema.