Nilichimba kichuguu cha mamamkwe nikakifanya tanuri ya mkate

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni msomaji kuliko mwandishi. Lakini nimeona nyuzi nyingi za watu wanaojaribu mapishi na kazi ndogondogo za mikono nyumbani, nikasema na mimi nilete yangu. Nitaeleza polepole ili anayetaka kujaribu aweze. Kuna sehemu moja ambayo ningependa kuiruka. Sitairuka.

Naishi upande wa Wamaza, Kabambare, kusini mwa Maniema. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilizaliwa Kasongo, nikaolewa huku. Binti yetu wa kwanza anaitwa Riziki, kwa hiyo hapa kila mtu ananiita Mama Riziki.

Kasongo nilizoea mkate wa asubuhi. Huku mkate unakuja kwa pikipiki, umefungwa gunia moja na sabuni na samaki wa chumvi. Barabara zetu sina haja ya kuzieleza. Ukifika umekuwa bapa, una siku mbili, na unanuka sabuni.

Nikaamua kuoka mwenyewe.

Nilianza na video. Nilimaliza mega zangu zote za mtandao kumwangalia dada mmoja akioka kwenye jiko la gesi lenye kioo mbele. Gesi sina, kioo sina, na levire (hamira) hapa dukani hupatikana siku ikipatikana. Nikafunga simu, nikaanza kufikiria nilicho nacho.

Nina pombe ya mchikichi. Hii ndiyo siri ya kwanza, na ninaitoa bure. Chukua pombe iliyogemwa asubuhi hiyohiyo, ingali tamu na inatoa povu. Ile ya jana imeshakuwa kali, itakupa mkate mchungu. Kandia unga wako wa ngano kwa pombe hiyo badala ya maji, weka chumvi, sukari kidogo, na kijiko cha mafuta ya mawese. Funika kwa kitambaa, weka karibu na jiko. Usiwe na haraka. Levire ya dukani inaumua kwa muda mfupi, pombe itakuchukua nusu siku.

Mara ya kwanza sikungoja. Nilioka ndani ya sufuria lenye mchanga, makaa chini na juu. Chini ukaungua, katikati ukabaki ugali.

Mume wangu aliugonga mezani mara mbili, akasema, "Hii mukate, tukijenga nayo nyumba haitaanguka."

Nilicheka, na nawaambia na ninyi mcheke mkikosea. Mkate mbaya ni mwalimu mzuri, tena haulipwi mshahara.

Mara ya tatu ndani ulikuwa laini. Shida ikabaki moto. Sufuria haliwezi kuushika mkate pande zote sawasawa. Nilihitaji tanuri.

Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na kichuguu kirefu kuliko mtu. Udongo wa kichuguu ni udongo ambao mchwa wameutafuna na kuushikanisha, ukipata moto hauvunjiki ovyo. Kasongo nilimjua muoka mikate aliyetoboa kichuguu akaoka humo kwa miaka. Nikamuuliza mume wangu. Akasema kile kimekufa, misimu miwili hakijatoa kumbikumbi. Wanaume wa huku hawashughuliki sana na kumbikumbi, ni kazi ya wamama, lakini wakati ule sikulijua hilo.

Nieleze kidogo kwa wasiojua. Kumbikumbi ni mchwa wenye mabawa wanaotoka ardhini mvua za kwanza zikinyesha. Tunawakaanga bila mafuta, maana wana mafuta yao, tunakula na bukari (ugali). Wakikaushwa vizuri wanakaa miezi. Mimi mtoto wa mjini nilikuwa nawajua wakiwa ndani ya kikombe cha mama wa sokoni. Walikotoka sikuwahi kujiuliza.

Mamamkwe, ambaye tunaishi naye kiwanja kimoja, alikuwa Kasongo wakati huo. Binti yake mkubwa alijifungua, akaenda kumlea. Alikaa huko miezi mitatu.

Sasa namna ya kuchimba. Toboa kwa ubavu, usawa wa magoti, upande usiopigwa na upepo. Mlango uwe mdogo kadiri mkono na sinia vinavyoweza kupita. Ndani panua taratibu, dari liwe mviringo kama ndani ya chungu. Nyuma juu acha tundu la moshi ambalo unaweza kuliziba kwa jiwe. Halafu washa moto mdogo kila siku kwa wiki nzima, udongo ukauke. Ukianza na moto mkubwa utapasuka.

Na hapa ndipo ile sehemu.

Siku ya pili ya kuchimba, jembe lilishuka chini kidogo kuliko nilivyotaka. Likafungua mashimo yenye unyevu. Mlikuwa na mchwa weupe, wengi, wakikimbia huku na huku wamebeba vitu vyao. Kichuguu hakikuwa kimekufa.

Niliwaangalia kwa muda. Kisha nikarudishia udongo, nikaushindilia kwa mguu, nikaendelea. Nilijiambia mchwa hawana shukrani, watakula nguzo za nyumba. Mume wangu sikumwambia.

Na kuna jambo lingine niliona. Kuzunguka kile kichuguu palikuwa pamefyekwa, duara safi, na magugu ndiyo kwanza yalianza kurudi. Nilidhani ni kwa kuzuia nyoka.

Tanuri ilitoka vizuri kuliko nilivyotegemea. Unawasha kuni ndani mpaka masizi ya dari yaungue na udongo uwe mweupe. Unatoa makaa yote, unapangusa sakafu kwa jani bichi la mgomba. Unarusha unga kidogo ndani. Ukiwa mweusi papo hapo, ngoja. Ukigeuka kahawia taratibu, ingiza mkate, funga mlango kwa bati.

Mkate wa kwanza ulitoka umesimama. Majirani walikuja kwa harufu. Mama Feza, tunayepakana naye ua, alikula kipande akaomba kingine, lakini niliona macho yake yanakwenda kwenye kichuguu na kurudi. Nilidhani anavutiwa na ufundi wangu.

Mamamkwe alirudi siku niliyokuwa naoka. Alishuka kwenye pikipiki, akaona moshi unatoka kwenye kichuguu. Akasimama na mzigo wake kichwani. Nikamkimbilia, nikampokea, nikamsalimia. Akaitika. Akaingia ndani.

Jioni nilimwekea mkate wa moto na chai. Alikunywa chai.

Ilikwenda hivyo kwa wiki kadhaa. Sombe yangu (majani ya muhogo) alikula, bukari alikula, alinisemesha kama kawaida. Mkate hakuugusa wala kuutaja. Sikuelewa, ila nilijua kuna kitu. Mnaoishi na wakwe mnaelewa: kelele unaweza kuijibu, kimya utakijibu nini?

Mwishowe nilimfuata Mama Feza, nikamwomba aniambie ukweli. Alipepeta mchele wake kwanza, akamaliza, ndipo akaniambia.

"Ile kichuguu iko shamba, Mama Riziki. Iko na mwenyewe. Baba mukwe wako alimupatia mama siku alimuoa. Huku kwetu hatuchimbi kichuguu ya mutu, ni kama kung'oa muhogo yake."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia nilipokuwa nachimba.

"Nilizani alikupa," akasema. "Wewe ni mukamwana wake. Nani anaweza kuzani ulichimba bila kuuliza?"

Nilirudi nyumbani nikazima moto. Mume wangu nilipomweleza alishika kichwa. Alisema alijua mama huvuna pale, hakujua kwamba pale ni pake. Tangu siku hiyo sikuoka. Nilitaka kwenda kuomba msamaha, lakini kila nikipanga maneno, nilikuta yote yanaanza na "tulidhani kimekufa". Na mimi nilijua sikudhani.

Mvua zikafika. Mtaa mzima wamama walitoka kuandaa vichuguu vyao. Unasuka kibanda kidogo cha fito na majani juu ya matundu, unaacha mlango mmoja wenye mwanga, chini yake unachimba shimo. Kumbikumbi wanafuata mwanga, wanaangukia shimoni.

Mamamkwe naye alisuka chake, kwenye upande ambao sikuuchimba. Alifyeka tena lile duara, alama ya kwamba kichuguu kina mwenyewe. Nilikwenda kumsaidia kufunga majani, hakunizuia.

Alfajiri baada ya mvua kubwa, kwa Mama Feza walitoka kama moshi. Tuliwasikia wakicheka huko ng'ambo ya ua. Sisi wawili tulikaa na beseni letu. Walitoka wachache, wa kuhesabika, kisha basi. Jua likapanda. Beseni lilikuwa halijafunikwa hata sehemu ya chini.

Ndipo akaniuliza, bila kunitazama.

"Wakati ulichimba, uliwakuta wazima?"

Ningeweza kusema hapana. Mume wangu mwenyewe alikuwa ameshamwambia mama yake kwamba kilikuwa kimekufa. Hakuna aliyeniona siku ile isipokuwa mchwa.

"Niliwakuta, mama."

"Na uliendelea?"

"Niliendelea. Unisamehe."

Alichukua wale wachache, akawafunga kwenye jani. Akasema anajua walikuwa wazima, aliweka sikio pale kabla ya kwenda Kasongo. Kichuguu kinaweza kupumzika misimu miwili, mitatu. Kisha akainuka akaenda kupika.

Sikujua kama nimesamehewa. Lakini siku hiyo nilimwona akifanya jambo lililonifungua macho. Alitoa mikebe miwili mitupu, akaiangalia, akairudisha chini ya kitanda. Nikamuuliza mume wangu. Kila mwaka mama hujaza mikebe ile kumbikumbi wakavu. Mmoja unakwenda Kasongo kwa binti mkubwa, mmoja Salamabila kwa binti mdogo ambaye mume wake anachimba dhahabu. Msimu ule wa kupumzika wa kwanza alipunguza akiba yake, wa pili alinunua kwa wenzake. Alikuwa hajawahi kukosa kutuma. Ndivyo anavyowaambia kwamba yupo, na kwamba nyumbani bado ni nyumbani kwao.

Basi nilifanya ninachokijua. Nilimwomba ruhusa kuwasha tanuri mara moja tu. Akasema, "Washa."

Nilioka mikate miwili, nikaiacha ilale. Kesho yake niliikata vipande vyembamba kama kidole, nikawasha moto mdogo, nikatoa makaa, nikapanga vipande ndani na kuziba mlango mpaka tanuri ipoe yenyewe. Hii ndiyo siri ya pili: moto wa kukausha usiwe wa kuoka. Ukiwa mkali vinapata rangi nje, ndani vinabaki na unyevu na kuoza. Vikikauka sawasawa vinalia vikivunjwa, na vinakaa wiki nyingi. Vinavumilia pikipiki kuliko mkate wowote.

Nilivipeleka kwa mamamkwe pamoja na kile kifurushi chake cha kumbikumbi wachache, nao nimewakausha. Alivunja kimoja, akakisikiliza. Akakichovya kwenye chai. Ilikuwa mara yake ya kwanza kula mkate wangu.

Alijaza mkebe wa kwanza, akagawa kumbikumbi wale mara mbili, akaweka juu. Akajaza wa pili. Alipomaliza kufunga vifuniko ndipo alipozungumza.

"Sikia, Mama Riziki. Kichuguu iko yangu. Ilikuwa inanipatia mara moja kwa mwaka. Sasa wewe utanipatia kila mara unawasha moto. Na mutu akiuliza, umwambie unaoka kwa shamba ya mama mukwe."

Nikasema ndiyo.

Ndivyo tunavyoishi mpaka leo. Mkate wa kwanza kutoka ni wake, kabla ya mume wangu, kabla ya Riziki. Lile duara kuzunguka tanuri nalifyeka mimi, kwa sababu mgongo wake umechoka. Kumbikumbi hawajarudi pale na sitegemei watarudi. Hilo halikutengenezeka, nisiwadanganye.

Nilichojifunza ni kidogo. Tunapojaribu vitu nyumbani tunauliza ni vipimo gani, moto kiasi gani, dakika ngapi. Kabla ya hayo yote kuna swali la hiki ninachokishika ni cha nani. Na ukishakosea, usianze na maneno yanayokulinda.

Kwa mnaotaka kujaribu mkate wa pombe ya mchikichi, anzeni leo, hata mkate wa kwanza ukiwa tofali. Mkikwama niulizeni hapa, nitajibu mmoja mmoja mtandao ukikubali.

Na wenye vichuguu kwao, niambieni: huko kwenu kichuguu ni cha nani?